Oili ya gia kwenye stendraivu: kichupa kimejaa, sawa, ila chini kuna nini?

Wenye boti wengi ukiwauliza kama wamecheki oili ya gia watakwambia ndio, imejaa. Sawa, imejaa. Imejaa nini sasa? Kiwango cha oili na hali ya oili ni mambo mawili tofauti kabisa, na mguu wa boti (ile sehemu ya nje ya stendraivu inayoshuka majini na kubeba propela) unaweza ukawa umejaa mpaka juu huku beringi za chini zinaoga maji. Kiwango unakijua kwa kuchungulia tu. Hali ya oili ndo kazi yenyewe, na inasumbua watu kwa sababu oili unayoiona kirahisi kwa kawaida sio ile inayoteseka.

Tuangalie kwanza mashine ilivyokaa. Kwenye stendraivu injini iko ndani ya boti, nyuma kabisa, halafu nguvu inatoka nje kupitia ukuta wa nyuma kwa shafti yenye krosi (kiungo kinachoiruhusu ijikunje), inaingia kwenye kasha la juu la mguu, inapiga kona ya nyuzi 90 kushuka chini, inafika chini inapiga kona nyingine ya nyuzi 90 kwenda kwenye propela. Kona mbili, maana yake kuna gia za koni juu na gia za koni chini, na zote zinabeba nguvu yote ya injini. Oili inayozihudumia ni kidogo, kwa miguu mingi ya boti za kawaida ni kama lita 2 mpaka 3 tu, na haina filta ya kuchuja uchafu kama ile ya injini. Chochote kinachoingia mle kinabaki mle, kinazunguka na gia mpaka siku utakayomwaga. Na mguu wenyewe uko majini, kinachotenganisha oili na maji ni oili sili za raba, oringi (pete za raba), na wosha ndogo za skrubu.

Sasa kuna miundo ya aina mbili ya kuangalia kiwango, tuchukue chapa mbili za stendraivu, MerCruiser na Volvo Penta. MerCruiser nyingi zina kichupa cha plastiki kule kwenye chumba cha injini, kimeunganishwa na mguu kwa hozi nyembamba, na kina sensa ya kupiga kelele oili ikipungua. Volvo Penta nyingi zina stiki ya oili juu ya mguu wenyewe. (Angalia vizuri usichanganye kichupa, maana chumba cha injini kinaweza kuwa na kingine cha pampu ya kunyanyulia mguu na kingine cha usukani, na watu wamewahi kujaza oili ya gia pasipohusika.)

Kichupa kina ubaya wake. Oili iliyomo haizunguki na ile ya chini, inapanda na kushuka kidogo tu kwa ile hozi mguu ukipata moto na kupoa, basi. Kwahiyo unaweza ukafungua kifuniko ukakuta oili nzuri, safi, inang'aa, huku chini kwenye gia za propela imeshageuka maziwa. Stiki nayo ina tatizo la aina hiyo hiyo, inachota kasha la juu, na maji ni mazito kuliko oili, yakipata muda wa kutulia yanakaa chini kabisa, mbali na stiki. Ile sensa ndo usiitegemee kabisa kwenye hili, inajua kupungua tu, haijui kilichomo.

Ila kichupa kinasema kitu kimoja cha maana ukikisoma kwa siku nyingi badala ya siku moja. Cheki injini ikiwa baridi, kila mara boti ikiwa kwenye hali ileile, kwa sababu oili ikipata moto inatanuka na kiwango kinapanda chenyewe bila shida yoyote. Kikiwa kinashuka taratibu kila ukiangalia, oili inatoka mahali, tafuta. Kikiwa kinapanda, na hujaongeza kitu, na injini ni baridi, hapo ndo pabaya zaidi kuliko kushuka japo watu wanafurahi wakiona kimejaa. Oili haizaliani humo ndani. Kama imeongezeka kuna kitu kimeingia kikaisukuma juu, na boti iko majini, jibu unalo. Kuna na hali ya tatu inayodanganya sana, oili inatoka kidogo na maji yanaingia kidogo, kiwango hakisogei hata nukta, na mwenye boti anaenda msimu mzima anasema mguu wangu hauna shida.

Kujua ukweli inabidi uchukue oili ya chini. Na muda wa kuichukua una maana kubwa. Ukimwaga gia zikiwa zimetoka kufanya kazi muda huohuo, kila kitu kimekorogwa pamoja, unaona wastani. Ukiuacha mguu umesimama wima usiku mzima bila kuwasha injini, maji yaliyo huru yanashuka mpaka kwenye skrubu ya chini, ile ya kumwagia oili, na ndio yanayotoka ya kwanza. Mimi napendelea hii ya pili, kwa sababu inakamata tatizo likiwa bado dogo.

Inafanyika hivi. Boti iwe nje ya maji, mguu umeshushwa wima, umelala usiku. Chukua chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha, safi na KAVU, maana tone moja la maji lililobaki kwenye chupa litakutia presha ya bure. Iweke chini ya skrubu ya chini (kwa miguu mingine iko nyuma ya propela, itabidi propela itoke kwanza), halafu legeza skrubu taratibu bila kuitoa, na ile ya juu usiiguse. Usigeuze uso. Tone la kwanza ndo lina habari yote. Oili ya gia inanata, inatoka kwa uvivu, inanyooka kama uzi, maji yanatoka haraka, yanatiririka juu ya rangi ya mguu bila kushika. Ukiona kitu chepesi kinatangulia kabla ya oili kuanza, hayo ni maji, hakuna mjadala. Chukua kiasi cha vijiko vichache, kaza skrubu, na kumbuka kujazia kiasi cha oili ulichotoa.

Lakini kutokuona maji huru hakujamaliza kesi. Oili nyingi za gia za boti zimetengenezwa ziweze kubeba maji kidogo ndani yake bila kuyaacha yatulie, ili beringi zisipate kutu mapema. Nzuri kwa beringi, mbaya kwa anayechungulia, kwa sababu maji hayatengani, yanabaki yameenea mle na oili inakuwa na ukungu. Kwahiyo sampuli yako ishike mbele ya mwanga na pembeni weka oili mpya ya aina ileile kwenye chupa inayofanana. Hii ya kulinganisha watu wanairuka na ndo inayosaidia kuliko zote, maana oili nyingine inatoka kiwandani ikiwa na rangi ya kijani au bluu, na bila ya kulinganishia utabaki unabishana na macho yako.

Kuna mchezo mwingine hapa wa hewa. Gia zikizunguka zinapiga oili mpaka inajaa vipovu vidogo, na oili yenye vipovu inafanana sana na oili yenye maji, zote zinakuwa nyeupe nyeupe. Jamaa wanafungua mara tu baada ya safari, wanaona weupe, wanapaniki. Iache chupa itulie masaa kadhaa. Hewa itapanda juu na oili itakuwa angavu tena. Maji hayaondoki hivyo, ama weupe unabaki palepale ama unaona mstari chini ya chupa na maji yamekaa peke yake.

Ukiwa bado na wasiwasi kuna jaribio la jiko ambalo mafundi wa mitambo wanalitumia siku zote. Pasha moto bamba la chuma, lizidi joto la maji kuchemka kwa kiasi kizuri, nyuzi kama 150 hivi, halafu dondosha tone moja la oili. Oili kavu inatandaa tu kimyakimya. Yenye maji inapiga kelele, inarusha vipovu, yenye maji mengi inaruka kabisa, kwahiyo vaa miwani na fanya nje, mbali na petroli na mbali na boti yenyewe. Jaribio hili haliwezi kukwambia maji ni kiasi gani kwa uhakika, linakwambia yapo.

Tuhamie kwenye rangi nyeusi maana nayo inatisha watu bure. Oili ya gia inaweza ikawa nyeusi kwa joto na umri, dawa zilizomo za kulinda meno ya gia zina salfa na fosforasi, zinafanya kazi zinabadilika rangi. Nyeusi bila maji na bila vipande vya chuma maana yake imezeeka, imwage weka nyingine. Harufu pia usiichukulie haraka, oili ya gia inanuka vibaya hata ikiwa mpya, ni ile salfa. Ya kuogopa ni harufu ya kuungua, kali, inayochoma pua, hasa kama oili uliiweka juzi juzi tu. Hapo kuna kitu kinapata moto kuliko inavyotakiwa, ama oili ilipungua, ama beringi imeanza kukaza, ama boti inasukumwa na propela isiyoifaa.

Chuma sasa. Skrubu nyingi za chini zina sumaku, na ukiitoa utakuta imevaa tope la kijivu. Lisikushtue. Chukua lile tope kati ya kidole gumba na cha shahada, lisugue polepole. Likiwa laini kabisa kama grisi, ni msuguano wa kawaida wa meno ya gia, na mguu mpya au uliotoka kufungwa gia mpya unatoa zaidi mwanzoni. Ukisikia chembe zinakwaruza, anza kufuatilia, mwaga oili yote upitishe kwenye kitambaa cheupe uone zilizobaki. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, visindano au vigamba bapa, boti isiende popote. Kigamba bapa mara nyingi kimebanduka kwenye uso wa beringi au wa jino la gia, na kikishabanduka kimoja sehemu ile inaendelea kumomonyoka.

Na usiishie kwenye sumaku, kwa sababu kuna chuma haikamati. Mwaga oili iliyobaki kwenye beseni jeusi uizungushe juani. Chembe nyeupe zinazong'aa ambazo sumaku haizitaki zinaweza kuwa aluminiamu, na kasha la mguu ndio aluminiamu lenyewe, ina maana kuna kitu kinalila kasha kwa ndani, mfano beringi iliyolegea inazunguka kwenye kitako chake. Za rangi ya dhahabu ni za jamii ya shaba, kutoka kwenye vipande kama bushi na vizimba vya beringi, inategemea mguu wako umejengwaje.

Haya, umekuta maji. Yamepita wapi? Hapa ndo pana utamu, kwa sababu swali ambalo kila mtu anauliza ni hili: kama kuna tundu la kuingiza maji mbona oili haitoki nje? Jibu liko kwenye umbo la oili sili. Sili ina mdomo, na mdomo unaziba vizuri upande mmoja, ule ambao presha inausukuma ubane shafti. Presha ikitoka upande wa mgongo, mdomo unanyanyuka na kuachia. Ndo maana kwenye shafti ya propela kwa kawaida kunakuwa na sili mbili, moja imeangalia ndani kuzuia oili, nyingine imeangalia nje kuzuia maji. Ya nje ikikatika, maji yanakutana na mgongo wa ya ndani. Oili bado imezuiwa vizuri tu, hutaona hata mng'ao wa mafuta majini, ila maji yanapata njia.

Na yanavutwa, hayaingii kwa bahati mbaya. Ukiendesha boti mguu unapata moto, oili na hewa ya ndani vinatanuka. Ukizima, mguu uko kwenye maji ya baridi, vinapoa haraka na kusinyaa, ndani kunakuwa na mvuto, na kila penye udhaifu panafyonza. Kile kichupa cha MerCruiser kinasaidia hapa, kiko juu ya usawa wa maji na kinarudishia oili mguu ukisinyaa, hivyo ule mvuto haukui sana. Hozi ikiziba au kikiachwa kikauke, msaada huo umekwisha.

Anayekata sili ya nje mara nyingi ni mshipi wa kuvulia. Unapita karibu na propela, unajiviringisha kwenye shafti, unaingia nyuma ya ile wosha nene ya propela ambapo huuoni kabisa ukiangalia kwa nje. Toa propela uangalie. Utaukuta umejisokota kwa mbano, umeyeyuka kidogo kwa joto, umekuwa pete ngumu iliyoegemea mdomo wa sili. Tabia ya kutoa propela mara kwa mara na kusafisha pale nyuma inaokoa gia nyingi, na ukikuta mshipi umefika kwenye sili chukulia kwamba sili imeguswa hata kama oili bado ni safi, ianze kufuatiliwa.

Njia nyingine ni skrubu zenyewe za oili, wosha yake imetumika mara tano, imebonyea, haizibi. Hii ndo ya kutafuta kwanza kwa sababu dawa yake ni wosha mpya. Kuna oringi kati ya kasha la juu na la chini, kuna sili ya kijiti cha kubadilishia gia, kuna maungio ya hozi ya kichupa. Na kuna ile raba kubwa ya mikunjo inayofunika krosi, ikipasuka maji yanajaa mle, yanaua krosi na beringi inayoshika shafti, halafu yanaanza kuijaribu sili ya kuingilia kwenye kasha la juu. Ukiona oili nyuma ya ile raba, au kutu inatiririka humo, tatizo liko juu, usipoteze muda kwenye propela.

Kubahatisha sili ipi mbovu ni kazi ya kupoteza hela, mguu unapimwa. Fundi anamwaga oili, anaunganisha geji kwenye tundu la skrubu, anaweka upepo kidogo, mara nyingi kati ya psi 10 na 15 (psi ni kipimo cha presha; fuata kitabu cha mguu wako, ukizidisha unaweza kuzisukuma sili nje), anazungusha shafti taratibu kwa mkono huku anapaka maji ya sabuni kila kiungo. Povu likitokea, hapo hapo. Halafu anarudia kwa kuvuta badala ya kusukuma. Fundi akikwambia amepima kwa upepo tu, mwambie amalizie na mvuto, kwa ile sababu ya midomo ya sili, kuna inayoshika vizuri ikisukumwa kutoka ndani na inaachia ikivutwa, na huo mvuto ndo unaoingiza maji kwenye maisha ya kawaida ya boti.

Maabara ya oili ni kwa anayetaka kwenda mbali zaidi. Wanapima chuma, shaba, aluminiamu, uzito wa oili, maji, na sodiamu. Kwa boti ya baharini sodiamu ikipanda inaashiria maji ya chumvi yamepita hata kama yameshakauka kwa joto na macho hayaoni kitu. Sampuli moja haisemi mengi, uzuri wake ni kuzipanga za miaka tofauti uone mwelekeo.

Oili yenye maji usiiache ndani kusubiri msimu uishe. Gia zinapozunguka zinapata angalau utando fulani wa oili, ubaya mkubwa unakuja boti ikisimama, maji yanatulia juu ya beringi zilezile mahali palepale na kutu inachimba vishimo. Kwenye nchi za baridi ni zaidi, maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9 na yanaweza kupasua kasha. Mwaga hata kama fundi atakuja wiki ijayo, jaza oili ya bei ya kawaida, zungusha gia kidogo bila mzigo huku injini inapata maji ya kupoza, mwaga tena, rudia mpaka itoke angavu.

Oili ya kuweka inategemea mguu. Mingi inataka oili ya gia ya daraja la GL-5 (la gia zenye mzigo mkubwa) iliyotengenezwa kwa boti, uzito wa 75W-90 au unaokaribiana nao, ila baadhi ya miguu ya zamani ya Volvo Penta ilipangiwa oili ya injini, kwahiyo kitabu kwanza. Kama mguu una klachi ya koni (inayoshika gia kwa kubana koni) usimwagie dawa za kupunguza msuguano, koni inafanya kazi KWA msuguano, utaipata inateleza kwenye gia. Jaza kwa pampu kutoka tundu la chini mpaka oili itoke juu bila vipovu, ukijaza kutoka juu hewa inanaswa kwenye kasha la chini. Ikishatoka juu, funga skrubu ya juu kwanza na wosha mpya, ndo uchomoe pampu na ufunge ya chini haraka, itapotea kidogo tu kwa sababu juu kumezibwa. Safari ya kwanza kiwango kinaweza kushuka kidogo, ni hewa iliyokuwa imejificha, ongeza.

Baada ya hapo watengenezaji wengi wanataka oili ibadilishwe walau mara moja kwa mwaka, MerCruiser wanasema masaa 100 au mwaka, kinachotangulia. Ila mguu uliokutwa na maji hausubiri hayo masaa 100. Utumie siku chache, uutoe majini, uache umesimama usiku, legeza skrubu ya chini asubuhi. Likitoka tone jeupe, mguu unashuka unaenda mezani kwa fundi.